Tulivyowatafuta Watoto wa Sabuni

Vijana wangu, mlipokuja kuniuliza mtu anaanzaje kutafuta uzao wa wachezaji wa kwanza wa timu yetu ya mpira, Nyigu, mlikuwa mmevaa viatu vinavyong'aa na kila mmoja alikuwa na kalamu mfukoni. Nikajua mtarudi mikono mitupu. Ukiingia nyumbani kwa mtu kule Mulanda na kalamu, wewe ni mtu wa kodi. Baba atatorokea mlango wa nyuma, mama atakwambia amesafiri, na watoto watakukodolea macho mpaka uondoke. Mimi nimetafuta watu karibu maisha yangu yote, kwanza kwa ajili ya klabu, baadaye misheni, halafu mahakama iliyokuwa ikitaka warithi wa huyu na yule, na kalamu yangu ilikaa nyumbani. Ya kukumbuka niliyakumbuka kichwani.

Nilipoanza nilikuwa nikiuza mafuta ya taa kwa baiskeli kutoka Tororo. Kwa kazi hii hakuna maandalizi bora zaidi. Mtu anayenuka mafuta ya taa hafukuzwi popote. Hata mbwa wanamzoea.

Aliyeniingiza kazini ni Mzee Omoding, mwenyekiti wa Nyigu, Mteso mnene mwenye bucha karibu na stesheni ya reli. Miaka ile ya mwanzo wa uhuru Nyigu ilikuwa ikifungwa na kila timu, na waliotufunga kwa raha kuliko wote walikuwa watu wa Busia. Mzee Omoding alikuwa amenunua ng'ombe tangu ujana wake, na ng'ombe walimpa imani moja: ukitaka kujua ndama atakuwaje, katazame waliomzaa. Akaamua kwamba mchezaji hafundishwi, anazaliwa. Timu ya kwanza ya Nyigu, ile ya kabla ya vita vya Hitler, ilikuwa imechukua kila kikombe kati ya Tororo na Busia, na yeye mwenyewe ndiye aliyekuwa kipa na nahodha. Basi watoto wa wachezaji wale watafutwe popote walipo, wavae jezi, na Busia watatukoma. Mtoto wake mwenyewe, ambaye alikuwa akifumba macho mpira ukimjia, hakumtaja, na sisi hatukumkumbusha.

Akaniita buchani, akanipa majina aliyoyakumbuka. Tatizo ni kwamba hayakuwa majina. Zamani zile mchezaji alikuwa na jina la uwanjani tu. Kulikuwa na Treni, kulikuwa na Pilipili, kulikuwa na beki mmoja aliyeitwa Mwizi kwa sababu ya ustadi wake wa kupokonya mipira. Mimi, nikiwa bado mgeni wa kazi, nikaingia nyumbani kwa watu kule Mulanda mbele ya wageni waliokuja kwenye matanga, nikauliza kwa sauti kama hapa ndipo kwa Mwizi. Ile baiskeli sikuiendesha siku hiyo. Niliibeba, nikakimbia nayo.

Tarishi mmoja mzee wa mahakama, aliyeniona nikitweta njiani, ndiye aliyenifundisha. Alinicheka kwanza, kisha akanikalisha. Akaniambia ukimtafuta mtu usiulize ni nani anampenda, uliza ni nani aliwahi kugombana naye, kwa sababu ndugu wanasahau mtu alikohamia lakini mtu aliyegombana naye hasahau. Akaniambia pia niwaulize wanawake, na nisiwaulize juu ya mpira. Niwaulize mume alikuwa akipenda kula nini, akilala vipi, akikasirishwa na nini. Juu ya mpira kila mtu anadanganya kidogo, lakini hakuna mjane anayedanganya juu ya chakula alichokuwa akipika.

Kwa mafunzo hayo nikampata mtoto wa Pilipili, yule mshambuliaji wa kati aliyekuwa akipasua nyavu. Alikuwa fundi cherehani. Nikamrushia mpira nimwone. Akaudaka kwa mikono miwili, akaugeuza, akaanza kukagua mshono. Mtoto wa Treni alikuwa mnene kuliko Mzee Omoding, na alinikimbia alipodhani namwitia kazi. Niliporudi na habari hizi buchani mwenyekiti hakukata tamaa. Alisema kumbe damu imelala tu, na kwamba yote yatasahihishwa tukimpata mtoto wa Sabuni.

Sabuni nyinyi hamkumwona, na mimi pia sikumwona, lakini utoto wangu wote nilimsikia. Winga ya kushoto. Ukimshika, anateleza. Alikuwa akifunga kitambaa cheupe kichwani mpaka kwenye nyusi, na jambo lililowashangaza watu ni kwamba hakuchoka. Kipindi cha kwanza alikimbia kama swala, wenzake wakaanza kuinama na kushika magoti, lakini kipindi cha pili yeye aliingia kama mtu aliyetoka kuoga. Beki wa Busia aliyepewa kazi ya kumkaba, kijana mmoja kutoka milima ya Samia jina lake Barasa, aliachwa amekaa chini mara nyingi hata akauacha mpira, akaenda kusomea ukatekista. Inasemekana alipokuwa akitoka uwanjani siku ya mwisho alilalamika kwamba huyu wa sasa si yule wa mwanzo, wa mwanzo alipiga kwa kushoto na huyu anapiga kwa kulia. Watu wakamcheka. Wakasema beki akishindwa huanza kuona miguu ya ajabu.

Mtoto wa Sabuni hakunisumbua kumpata. Alikuwa pale pale Tororo, fundi baiskeli, kijana mtaratibu jina lake Okoth, na kwao ni Kiyeyi. Marehemu baba yake, Owor, alifanya kazi ya reli kabla ya vita na alikuwa akija nyumbani Kiyeyi Jumamosi moja moja. Mama Okoth alinihakikishia kuwa mumewe ndiye Sabuni. Alimfulia kitambaa chake kwa mikono yake. Okoth mwenyewe alipiga mpira vizuri, si kwa ajabu, ila vizuri. Alikubali kuchezea Nyigu kwa sharti moja, kwamba tusimcheleweshe harusi yake. Alikuwa amechumbia binti wa Busia, upande wa Kenya, na majina yao yalikwisha kutangazwa kanisani Jumapili moja.

Ningeishia hapo. Lakini mfanyakazi mmoja mstaafu wa reli alinidokeza kwamba Sabuni alikuwa pia na mke katika nyumba za reli pale Tororo, na kwamba mama huyo baada ya vita alirudi kwao Busia. Nikawaza labda kule kuna mtoto mwingine wa kiume, mwepesi zaidi. Nikapanda baiskeli.

Mama niliyeelekezwa kwake nilimkuta anaanika dagaa wa omena uani, mwanamke mrefu, mwenye maneno machache na macho ya kucheka. Tukasalimiana mulembe, nikapewa kiti. Nilipomtaja Sabuni uso wote ulifunguka. Ndiyo, alikuwa mume wake. Jina lake Wandera, alisema alitoka visiwani na ndugu zake wamekwisha kufa, na nusu ya maisha yake ilikuwa kwenye reli. Aliitwa vitani akiacha mtoto mchanga wa kike, Nekesa, na hakurudi. Hakuletewa maiti wala habari. Kila mwaka, wakati wa kuombea marehemu, mama huyu alipeleka jina la Wandera kanisani lisomwe. Sasa Nekesa alikuwa anaolewa, na alisikitika kwamba baba yake hataiona siku hiyo.

Nikawa nakunywa chai na kufurahi naye. Nikamuuliza mchumba ni mtu wa wapi, akasema ni fundi baiskeli wa Tororo, kijana mtaratibu.

Nikaweka kikombe chini, vijana. Na kabla sijakiachia, kengele ya baiskeli ikalia mlangoni, akaingia Okoth mwenyewe na furushi la sukari kwa ajili ya mkwewe. Aliponiona alitabasamu. Akamwambia mama, kwa furaha ya kijana anayetaka kumpendeza mkwe, kwamba huyu Bwana Ochwo ndiye aliyemchagua kuchezea Nyigu, kwa sababu marehemu baba yake ndiye alikuwa Sabuni.

Mama Nekesa aliweka ungo chini polepole.

"Baba yako alikufa lini?" akamuuliza.

Okoth akasema alikuwa mdogo anaanza shule, vita vimekwisha siku nyingi.

"Alikufia wapi?"

"Nyumbani Kiyeyi, mama. Mikononi mwa mama yangu."

Nekesa alikuwa amesimama kwenye mlango wa jiko akiwa na mwiko mkononi, na aliona uso wa mama yake ukibadilika bila kujua kwa nini. Mama hakumfokea mtu. Alimwambia Okoth aende nyumbani kwanza, na ile sukari aende nayo. Kijana alipoondoka alinigeukia mimi akasema, "Nimemlilia mtu miaka yote hii, kumbe alikuwa anakula ugali Kiyeyi."

Jumapili iliyofuata majina ya wachumba hayakutangazwa. Katekista wa parokia ile alikuwa yule yule Barasa, aliyekuwa beki, sasa mtu mzima mwenye mvi na heshima zake, na alisema hawezi kumpelekea padri ndoa ya kaka na dada. Mama Nekesa alimwomba jambo jingine tena. Alitaka jina la Wandera liondolewe katika sala za marehemu.

Siku hizo sikuuza mafuta ya taa. Nilikumbuka mafundisho ya tarishi, nikarudi Kiyeyi, nikamuuliza Mama Okoth mumewe alipenda kula nini. Akataja kunde na kalo, ule ugali wa wimbi. Samaki je? Akacheka. Samaki hakuwahi kuingia nyumba ile, maana Owor akionja hata mchuzi wake anavimba midomo kama aliyeumwa na nyuki. Nikakanyaga baiskeli mpaka Busia, nikamuuliza Mama Nekesa. Wandera? Huyo alikuwa akila kichwa cha samaki mpaka mifupa inalia, na akikosa samaki siku mbili anakuwa mkali.

Nikadhani nimemaliza kazi. Nikamweleza Mama Nekesa kwamba hawa ni watu wawili, midomo inaonyesha. Alinitazama kwa huruma.

"Bwana Ochwo," akasema, "wewe hujaoa bado. Mwanamume mwenye nyumba mbili anaweza kuvimba kwa mmoja na kushiba kwa mwingine."

Nilihitaji mtu aliyewaona wote wawili kwa macho, na katika timu ya kwanza aliyebaki karibu alikuwa mmoja tu.

Mzee Omoding nilimkuta buchani anamkatia mteja nyama. Nikamweleza habari yote tangu mwanzo. Aliendelea kukata mpaka mteja akapata nyama ya kulisha ukoo, akaichukua na kuondoka haraka asije akaulizwa. Ndipo mwenyekiti akaweka kisu chini.

Siku zile, akaniambia, sheria haikuruhusu mchezaji wa akiba. Aliyeanza ndiye anayemaliza, hata akivunjika. Nyigu ilikuwa na mawinga wawili wa kimo kimoja na umbo moja, wote vibarua wa reli, wote wepesi. Ilikuwa akili ya nahodha, yaani yake. Wakati wa mapumziko wachezaji walikwenda kunywa maji nyuma ya ghala la pamba, na nyuma ya ghala la pamba Owor alivua jezi na kitambaa, Wandera akavaa. Ndiyo maana Sabuni hakuchoka. Walikula kiapo, wasimwambie mtu, hata wake zao. Kila mmoja alirudi nyumbani na tope lake na sifa zake nzima.

Nikashusha pumzi. Nikamwambia basi ni rahisi, twende Busia ukayaseme haya.

"Busia?" akasema. "Nataja haya mbele ya watu wa Busia? Vikombe vile vyote tutaviweka wapi?"

Nilimwelewa, na nyinyi mwelewe. Mtu yule hakuwa na mtoto wa kujivunia, timu yake ilikuwa inafungwa kila wiki, na kitu pekee alichobaki nacho ni ushindi ule wa zamani. Nikajaribu kumweleza habari ya Okoth, kwamba usiku hapati usingizi. Akasema kijana atapata mwingine. Nikamweleza habari ya Nekesa, akatazama pembeni. Nilipokuwa naondoka ndipo nikamwambia, bila kupanga, kwamba Mama Nekesa ameliondoa jina la Wandera kanisani kwa sababu anaamini alimkimbia akaenda kula ugali Kiyeyi.

Mzee Omoding akaniita nirudi.

"Wandera hakuwa mtu wa namna hiyo," akasema. Akavua aproni, akafunga bucha mchana kweupe, jambo ambalo Tororo haikuwahi kuliona. "Lete baiskeli."

Sitawaeleza safari ile yote. Mtu mwenye kilo zake alikaa kwenye keria nyuma yangu kutoka Tororo hadi Busia, na kwenye kila kilima alinishauri nikanyage kwa nguvu. Tairi lilipasuka mara moja tu, nalo lilikuwa na haki. Polisi wa mpakani walituacha tupite bila kuuliza; nafikiri walituonea huruma.

Uani kwa Mama Nekesa tulimkuta katekista Barasa na mkewe, Nekesa, na majirani wachache waliokuja kumfariji mama. Okoth nilikuwa nimempelekea habari, akaja na mama yake wakakaa kando karibu na ua, kama watu wasiojua kama wanakaribishwa. Wale wajane wawili walikuwa hawajawahi kuonana. Kila mmoja alimtazama mwenzake kutoka kichwani hadi miguuni, gauni la gomesi kwa gauni la gomesi, akitafuta kile mumewe alichokuwa amekifuata.

Mzee Omoding alikataa kiti. Alisimama katikati ya ua, akavua kofia, akasema yote: sheria, ghala la pamba, jezi moja, kitambaa kimoja. Hakujitetea, na hakuyapunguza. Alipofika mwisho akamgeukia Mama Nekesa.

"Siku askari walipopanda treni pale Tororo mimi nilikuwa stesheni," akasema. "Wandera nilimpa mkono dirishani. Na Owor alikuwa amesimama kando yangu, analia kama mtoto, kwa sababu tangu siku hiyo alijua atacheza dakika zote peke yake. Mama, mume wako alikwenda na hakurudi. Hakukukimbia."

Kisha Mama Nekesa akauliza, kwa sauti ndogo, yupi kati yao alikuwa wake.

"Wa kipindi cha pili."

Akafikiri kidogo. "Ndiyo," akasema. "Hata nyumbani alikuwa akichelewa."

Akacheka, na kicheko kikageuka katikati yake kikawa kilio, na aliyekuwa wa kwanza kumfikia alikuwa Mama Okoth. Wakakaa chini pamoja. Nilidhani wanalia wote wawili, lakini baada ya muda nikasikia wameanza kubishana kwa upole ni katika kipindi kipi Sabuni alifunga mabao mengi zaidi, na ubishi huo, niwaambie, waliuendeleza miaka mingi wakiwa wakwe wapendanao. Mama Nekesa alipofuta uso alimwambia katekista alirudishe jina la Wandera mahali pake.

Katekista hakumsikia. Alikuwa amekaa kama mtu aliyepigwa na mpira tumboni. Mzee Omoding alijiandaa kwa matusi, na kwa kweli alistahili kutukanwa. Lakini Barasa hakumtazama yeye. Alimgeukia mkewe, ambaye nadhani alikuwa amesikia habari za Sabuni jioni nyingi kuliko rozari.

"Walikuwa wawili," akamwambia. "Unasikia, mama? Walikuwa wawili."

Mkewe akamshika mkono, akasema amesikia.

Harusi ilifungwa kanisani pale pale Busia, na baada ya chakula vijana wakaanza kupiga mpira kwenye nyasi za misheni, kama wafanyavyo. Mzee Omoding alikuwa amekaa na wazee wa Busia kwenye chungu kimoja cha pombe ya malwa, kila mtu na mrija wake, wakimkumbusha kikombe hiki na kile naye akitikisa kichwa kwa aibu na kunywa. Habari ya damu hakuitaja tena tangu siku ile. Msimu uliofuata alitafuta kocha.

Mara tukamwona katekista Barasa ameinuka. Alivua viatu, akavipanga vizuri, akakunja suruali mpaka magotini, akaingia kwenye nyasi na miguu yake myembamba ya mzee. Akamwambia bwana harusi achukue mpira aje.

Okoth alitutazama kutaka msaada. Hakuna aliyemsaidia. Akavua koti, akaja na mpira taratibu, akaenda kushoto, akarudi kulia, akausukuma kidogo upite katikati ya miguu ya mzee. Mguu wa mzee ulitoka bila haraka, kama mtu anayeweka kikombe mezani. Okoth akapita. Mpira ukabaki.

Watu wa Busia walipiga kelele mpaka askari wa mpakani wakaja kuchungulia. Barasa aliukanyaga mpira, akasimama nao hapo kifua mbele, wala hakuupiga popote.

Miaka mingi baadaye, nikiwa nimekaa na Okoth kwenye banda lake la baiskeli, nilimpongeza kwa jinsi alivyomheshimu mzee yule siku ya harusi, akamwachia mpira mbele ya watu. Okoth akafuta mafuta mikononi, akaangalia kama mkewe yuko karibu.

"Bwana Ochwo," akasema, "mimi sikumwachia."